Kati ya Mara ya Pili na ya Tatu

Vijana wangu, mmeniomba niwaandikie namna ya kuendesha mnada wa mavuno, kwa kuwa goti langu la kushoto limestaafu na mimi nimeamua kulifuata. Mlipokuja nyumbani niliwahesabu mkawa watano. Nikahesabu tena mkawa wanne; wa tano alikuwa ameingia kuchaji simu. Ndivyo nilivyo. Mimi Mama Nyambura huhesabu kila kitu mara mbili, hata watoto niliowazaa mwenyewe, na sijajuta bado.

Kwa wale ambao hawakukulia hapa Othaya, wacha nieleze kwanza. Kila msimu wa mavuno kanisa letu huwa na Jumapili moja ambayo watu hawaji na bahasha peke yake. Wanaleta walichovuna na walichofuga: kabichi, mikungu ya ndizi, mayai, kuku waliofungwa miguu, na mwaka mmoja mtu alileta ng'ombe, tukajifunza kwamba mlango wa kanisa haukukusudiwa ng'ombe. Vitu vinapangwa mbele ya madhabahu, mchungaji anaviombea, halafu vinatolewa uwanjani na dalali anavinadi mpaka vyote vipate wenyewe. Pesa zinaenda kwa kazi ya kanisa. Dalali huyo nilikuwa mimi. Siku za kawaida nilikuwa nauza viazi na ndizi sokoni Karatina. Jumapili ya mavuno nilikuwa namuuzia Mungu. Nyundo yangu ilikuwa mwiko wa ugali.

Sasa kazi yenyewe. Kuku wauzwe kwanza, kwa sababu kuku hana subira, na kamba ya miguu hulegea maombi yakirefuka. Maziwa yanadiwe kabla jua halijafika ukutani. Mwanamume akiwa amekaa na mkewe, usimwangalie yeye, mwangalie mke, maana ndiye atakayekubali au kukataa. Na mtu akiinua mkono, hakikisha amepandisha bei kweli. Mimi niliwahi kumuuzia mwalimu mkungu mzima wa ndizi kwa sababu ya nzi aliyetua usoni mwake. Alilipa, lakini mpaka leo akiniona hukaa na mikono mifukoni.

Siku hizi kuna mambo mapya. Mtoto wa mtu yuko ng'ambo, anapiga simu ya kuonana, na inabidi mbuzi ashikwe kichwa aangalie simu. Nimemuuza mbuzi kwa mtu aliyesimama kwenye theluji. Sina neno. Pokeeni pesa za simu mnavyotaka, ila ngojeni ujumbe uingie kabla ya kumfungua mbuzi.

Hayo yote mtajifunza kwa kukosea, na hakuna atakayekufa. Lipo moja tu ambalo sitaki mjifunze hivyo, na ndilo limenikalisha hapa na kalamu.

Jambo hilo nilianza kufundishwa Karatina kabla sijajua nafundishwa. Aliyenitia katika biashara ni Mama Wambui, mwanamke mkubwa wa mwili aliyekaa juu ya gunia la viazi kama hakimu. Gorogoro lake, ule mkebe wa kupimia, halikuwa na bonde hata moja. Alikuwa akisema kwamba mwenye kuubonyeza mkebe ndani ili ubebe kidogo, siku ya mwisho atamkuta Mungu ameushika huo huo mkebe, na atapimiwa nao.

Alinifundisha kuwajua wanunuzi. Anayeshuka kwenye gari ndiye hubishana mpaka ukose hewa. Maskini hupita mara ya kwanza akiangalia upande mwingine. Hupita tena akiangalia viazi. Akirudi tena anauliza bei ya kitunguu. Hatimaye akiuliza bei ya viazi, huikubali papo hapo, kwa kuwa anaona haya kubishana mbele za watu. Basi Mama Wambui alikuwa akibishana kwa niaba yake.

"Mia moja," anasema. Yule mama anaanza kufungua fundo la leso.

"Hebu ngoja. Mia moja kwa hivi viazi? Hata mimi siwezi kununua. Wacha iwe themanini."

Yule mama bado anahangaika na fundo.

"Themanini, na hivi viwili vimekatwa na jembe? Ai, mama wewe, unataka kunimaliza! Haya, leta sabini, na usinirudie hapa na huo mdomo wako!"

Yule mama hakuwa amefungua mdomo. Lakini aliondoka ameinua shingo, kama mtu aliyeshinda kesi.

Na vile viazi viwili vitatu vya juu, nyongeza, Mama Wambui alimpa kila mtu sawasawa, hata wa gari. Nilimuuliza mbona asiwaongeze maskini peke yao. Akanitazama kana kwamba natia chumvi kwenye chai.

"Ati uwaongeze wao peke yao? Sasa si hapo umewatangaza?"

Nilicheka. Nilidhani ni ukali wake tu.

Sasa nije kwa Cucu Wangechi, yaani Bibi Wangechi. Wengi wenu mnamjua, yule mama mzee wa kule chini karibu na mto. Wakati huo mumewe alikuwa ameshakufa na alikuwa akilea wajukuu wawili kwenye kipande cha shamba ambacho mbuzi akilala kwa upana, kichwa chake kiko kwa jirani. Lakini kando ya mto pale maboga yalimpenda. Jumapili moja ya mavuno alipanda mlima na boga moja mgongoni, limefungwa kwa kamba ya kichwani kama kuni, na lilikuwa kubwa hivi kwamba watoto walimfuata wakidhani amebeba kiti. Alilishusha mbele ya madhabahu mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Mchungaji akaliwekea mkono akaliombea. Cucu akarudi kuketi, na mgongo wake ulinyooka kuliko wa akina mama wote waliokuwa mbele yangu.

Na kulikuwa na Mzee Gathogo. Huyu nataka mumwelewe, maana vijana mna haraka ya kumchukia mtu mwenye suti. Ana duka la mabati na misumari, ana majani chai huko juu, na ni mzee wa kanisa. Paa la kanisa alilipaka rangi bila kuombwa na bila kubandika jina lake. Ni mtu mwema. Ningekuwa namsimulia mtu mbaya, hadithi hii ingekuwa rahisi.

Tukatoka uwanjani. Nikauza kuku, nikauza maziwa, nikafika kwa boga.

"Mnaliona? Hili si boga, hii ni fanicha! Nani anaanza?"

Mzee Gathogo akataja bei ya mbuzi. Watu wakaguna. Nikaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mwiko ukalia. Kisha Mzee akalinyanyua lile boga, akavuka uwanja hadi alipokuwa Cucu, akampa mikononi.

"Cucu, chukua boga yako," akasema, kwa sauti ya kusikika. "Enda upikie wajukuu. Mungu ameona roho yako."

Makofi! Akina mama wakaanzisha wimbo. Mchungaji akatoa kitambaa akajifuta macho. Mimi nilikuwa nikizihesabu pesa kwa mara ya pili, ndiyo maana nilichelewa kuinua kichwa. Nilipokiinua, Cucu alikuwa amesimama katikati ya uwanja amelikumbatia boga, akiangalia meza, kisha lango, kisha meza tena, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe na haoni mama yake ameenda wapi. Hakuna aliyemtazama. Wote walikuwa wakimtazama Mzee Gathogo. Basi akalifunga tena kwa ile kamba, akateremka nalo.

Jumapili iliyofuata mahali pake palikuwa wazi. Na iliyofuata. Watu wakasema ni miguu, ni umri, ni mlima. Mimi namjua mnunuzi aliyeondoka kwa sababu ya mlima na yule aliyeondoka kwa sababu ya muuzaji. Nikateremka kwake na sukari ndani ya kiondo.

"Hodi, Cucu."

"Karibu, Mama Nyambura. Umekuja kuninadi?"

"Nimekuja kunywa chai."

"Majani iko. Sukari ndiyo imesafiri."

Mkono wangu ukaenda kwenye kiondo, ukasita. Nikamkumbuka Mama Wambui juu ya gunia lake.

"Mimi niko na sukari," nikasema, "lakini si ya bure. Naona majani ya boga hapo nje. Nataka mboga ya jioni."

"Unataka ngapi?"

"Kiondo kijae."

"Kiondo kijae! Kwa hiyo sukari kidogo? Wewe umezoea kuibia watu Karatina." Akatoka, akarudi na majani kiasi. "Hiyo inatosha. Ukiona ni kidogo, beba sukari yako."

Tulibishana. Alinipunja, na nilifurahi, maana nilikuwa sijamwona akicheka tangu mavuno. Chai ikamiminwa. Ndipo nikaona kwenye kona ya jiko, juu ya nyasi kavu, lile boga. Lilikuwa limepanguswa likang'aa. Wajukuu wawili walikuwa wamekaa wakiliangalia jinsi watoto wenu wanavyoangalia televisheni.

"Cucu, hii hamjapika?"

"Tutapikaje? Hiyo ni ya Mungu. Nilimpelekea, ikaombewa. Si uliona mchungaji akiiwekea mkono?"

"Lakini Mzee Gathogo alikurudishia."

"Gathogo ni Mungu?"

Nikanywa chai.

"Yule mjane wa senti mbili," akaendelea, akipuliza kikombe chake. "Yesu alikuwa amekaa hapo, akimwona akitoa. Alijua hiyo ndiyo ilikuwa chakula yake. Alimwita akamrudishia?"

"Hapana."

"Aliambia watu wampigie makofi?"

"Hapana, Cucu."

"Aliacha senti ya mama iingie kwa sanduku kama ya wengine." Akaweka kikombe chini. "Mimi yangu ilikataliwa."

"Haikukataliwa. Alitaka kukusaidia."

"Basi angekuja hapa na unga, apige hodi kama wewe. Ile boga aliinunua, ni yake. Akuje aichukue. Mimi siwezi kula, siwezi kuuza, siwezi kutupa. Na kanisa nitarudi nikibeba nini? Nikileta kitu, nitarudishiwa. Nisipoleta, nitakaa pale kama mtu wa kuombewa tu. Sasa niambie wewe unayejua biashara, nirudi kama nani?"

Niliinuka nikaligonga boga kwa kidole. Lilikuwa na sauti nzuri bado. Boga lililokomaa hukaa, ila halikai milele. Nikakadiria lingefika mavuno yanayofuata, kama panya wa kule chini wangekuwa Wakristo.

Kesho yake nikaingia dukani kwa Mzee Gathogo. Alikuwa akipima misumari.

"Mzee, kuna boga lako limelala kwa Cucu Wangechi. Nenda ukalichukue."

"Boga gani? Ile nilimpa!"

"Ulilinunua kwa Mungu. Cucu hakuwa kwenye hiyo biashara. Amekataa kulipika, anasema ni lako."

Akaacha misumari. Nilidhani atakasirika, lakini niliona ameumia.

"Mama Nyambura, yule mama ako na njaa. Mimi nimelelewa na njaa, hata ikipita barabarani nikiwa ndani ya gari naijua. Ati unataka niende nitoe chakula kwa nyumba ya mjane, nikule mimi? Hiyo ni dini gani?"

Alikuwa na haki. Cucu naye alikuwa na haki. Nimepima viazi maisha yangu yote na sijawahi kuona mizani ikikataa kulala upande wowote namna ile.

"Mwambie aipike," akasema Mzee, na kurudi kwa misumari. "Mwambie mimi nimesema aipike."

Sikumwambia. Nilienda kwa kamati ya mavuno na maombi mawili. La kwanza, vitu vya watu wakubwa visiuzwe tena kwa gunia. Gunia la kabichi, kama lile la Mzee Gathogo kila mwaka, lifunguliwe, kabichi ziuzwe moja moja, ili hata asiye na kitu aweze kununua kwa Mungu na si kutazama tu wengine wakinunua. Hilo walilipitisha, maana walipiga hesabu wakaona litaleta pesa zaidi. La pili, sadaka ya mtu isirudishwe kwake mbele za watu. Hilo likakwama.

"Mama Nyambura," mchungaji akaniambia kwa upole, "hatuwezi kuweka sheria ya kuzuia wema."

Nikateremka tena mtoni na habari yangu nusu.

"Kabichi za Gathogo zitauzwa moja moja," nikamwambia Cucu. "Hata wewe unaweza kununua."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Akachuma majani ya boga mawili matatu.

"Nikinunua, ni yangu kabisa?"

"Kabisa."

"Na nitafanya nayo ile kitu nataka?"

"Cucu, unataka kufanya nini?"

"Nimeuliza tu. Si wewe ndiye dalali? Mnunuzi akiuliza, dalali anajibu."

Mavuno yakafika. Nikamwona akiingia langoni mikono mitupu, wajukuu nyuma yake wamepakwa mafuta usoni. Hakukaa mahali pake pa zamani. Alikaa mwisho kabisa, karibu na mlango, na vitu vilipopelekwa mbele aliangalia magoti yake.

Uwanjani nikauza kuku. Nikauza maziwa. Nikafungua gunia la Mzee Gathogo, nikashika kabichi ya kwanza juu.

"Kabichi ya Mzee! Imekula mbolea kuliko mimi ninavyokula nyama! Nani anaanza?"

Mwalimu akataja bei ndogo, mikono mifukoni.

"Mara ya kwanza!" Nikainua mwiko. "Mara ya pili!"

Hapa, vijana, ndipo shule ilipo, kwa hiyo wekeni simu chini. Dalali asiyejua kazi hufika hapa akakimbia. Mara ya pili, ya tatu, pah, imeenda. Kwa nini akimbie? Mwenye pesa ameamua tangu asubuhi. Lakini asiye nazo hapo ndipo anaanza. Anajiuliza kama atachekwa. Anaangalia ni nani amekaa karibu. Anahesabu alicho nacho kwa vidole, bila kukitoa. Ni kama yule wa sokoni, bado yuko kwa kitunguu. Ukikimbia, umemfungia mlango, na hutajua hata kama alikuwepo.

Basi nikanyamaza. Nikajifanya mwiko una uchafu, nikaupangusa. Nikaugeuza, nikaupangusa upande wa pili. Mzee mmoja wa kamati akakohoa, nikakohoa pia. Nyuma kabisa niliona vidole vikihangaika na fundo la leso, fundo lililokazwa na mtu asiyelifungua mara nyingi.

Mkono ukainuka.

"Cucu Wangechi amepandisha!" nikaita. "Mara ya tatu!" Nikagonga meza mpaka mwiko ukapata ufa, uko nao mpaka leo.

Alikuja akalipa. Nilimpa kabichi, akaipokea kwa mikono miwili, akaikagua chini na juu kama mnunuzi anavyotakiwa. Kisha akageuka, akavuka uwanja polepole hadi kwa Mzee Gathogo, akampa.

"Mzee, chukua kabichi yako," akasema. "Enda upikie watoto. Mungu ameona roho yako."

Hakusema kwa kejeli. Nilikuwa karibu, nilimsikia. Alisema kama mtu anayetoa kitu. Watu, kwa mazoea, wakapiga makofi. Mama mmoja akaanzisha ule wimbo. Na Mzee Gathogo akabaki katikati ya uwanja na suti yake, amekumbatia kabichi, akiangalia meza, kisha lango, kisha meza tena.

Wimbo ukafa wenyewe, ubeti wa kwanza haujaisha.

"Cucu," Mzee akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Hii mimi nililetea Mungu."

"Hata mimi," Cucu akajibu.

Basi. Hakuongeza. Hata kuku walionunuliwa walinyamaza. Mzee akasimama akiitazama ile kabichi. Halafu akaja mezani, akaiweka pale taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, na kumrudia Cucu.

"Boga iko wapi?"

"Iko nyumbani. Imekungoja."

Hawakungoja mnada uishe. Waliteremka wote, yeye, Cucu na wajukuu, kwa mguu, maana gari halifiki kule. Niliuza kabichi zilizobaki jicho langu likiwa njiani. Baada ya muda nikamwona Mzee Gathogo akipanda mlima na boga begani, suti imejaa matope kwenye magoti, na watoto wawili nyuma yake wakimwelekeza mahali pa kukanyaga. Hakuna aliyepiga makofi. Nawashukuru mpaka leo.

Katikati ya juma nilimtembelea Cucu. Sukari ilikuwa imerudi kutoka safari yake. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Waliikula?"

"Waliikula yote. Mke wake aliiponda na viazi ikawa mukimo, akapeleka hadi kwa wafanyakazi wa chai. Anasema boga tamu hivyo hajaonja. Hata mbegu walizikaanga, sasa wameniagiza niwaombee nyingine."

"Mbegu?"

"Mbegu."

Cucu akafunga kitambaa chake cha kichwa upya, akakivuta kikakaa sawa.

"Mbegu yangu si ya bure," akasema. "Mwambie akuje tuongee bei."

Alikuja. Nilikuwepo, nani angenizuia? Mzee akaanza na bei ya kijinga, bei ya huruma, mbegu chache kwa pesa za gunia la mbolea. Nikamkanyaga mguu chini ya kigoda. Akanitazama. Nikamtazama. Ni mtu wa duka, akaelewa.

"Cucu," akasema, akirudi nyuma kwenye kiti, "hiyo ilikuwa ni kusalimia. Bei yenyewe ni nusu ya nusu. Mbegu za boga zimejaa sokoni Nyeri."

"Basi enda Nyeri."

"Nitaenda."

"Enda. Gari si uko nayo?"

Akainuka akaenda hadi mlangoni. Cucu akamwacha afike langoni kabisa, ndipo akamwita. Waliongea bei hadi chai ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Cucu alimshinda, na Mzee akalipa akilalamika, na yule mama akamsindikiza hadi njiani ameinua shingo.

Na njaa? Msidhani nimeisahau, Mzee Gathogo aliuliza swali la kweli, na ubishi wa bei haumshibishi mtoto. Tangu siku ile wachumaji wake wa chai hula maboga ya Cucu mchana, na anayanunua kwa bei ambayo wawili hao huipigania kila msimu kama maadui. Mjukuu mmoja alipougua, dawa zilifika kupitia nyuma ya nyumba, na mpaka leo Cucu hajui zilitoka mfukoni mwa nani, au anajua na amenyamaza. Msaada unaweza kupita huko nyuma. Lakini sadaka ya mtu, hata ikiwa yai moja, muipokee kwa mlango wa mbele, mtaje jina lake kwa sauti ile ile mliyomtajia mwenye ng'ombe, na muiuze. Msimrudishie. Kama mnafikiri kitu chake ni kidogo mno kwa Mungu, basi wenye shida ni nyinyi.

Na Cucu hakosi kanisani tena. Amehama na kwenda mbele zaidi, na anaimba vibaya.

Basi hiyo ndiyo kazi. Mwiko uko jikoni kwangu nyuma ya mlango, ule wenye ufa. Mmoja wenu aje auchukue, na aje mapema maana mimi nataka kupika. Itakapofika mavuno, uzeni kuku kwanza. Mhesabu pesa mara mbili. Na mkishaita mara ya pili, nyamazeni kidogo. Pangusa mwiko, kohoa, angalia mlima. Kuna mtu huko nyuma anafungua fundo.